Octavian na Kundi Linalokula Mawe

Ukifika Veyula ukauliza kwa Octavian, nawe utaulizwa: Octavian yupi, yule mfugaji? Na anayekuuliza atakuwa anajikaza asicheke, maana Octavian huyo hana ng'ombe, hana mbuzi, na kuku wake wa mwisho aligongwa na bodaboda. Anachofuga kimo ndani ya chupa za kioo, kwenye nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya duka la mabati, na hakionekani kwa macho. Mwenyewe haoni cha kuchekesha hapo. Atakuambia, uso mkavu kabisa, kwamba Dodoma nzima hakuna mwenye kundi kubwa kama lake, na kwa hesabu za vichwa hajasema uongo.

Mzaha huo una mzizi wake. Octavian ni Mgogo wa Kongwa, na kwao mwanamume asiye na ng'ombe akizungumza kikaoni watu hukumbuka ghafla kwamba wana kiu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wa kutosha, ila alikuwa mgumu. Wagogo wana utaratibu wao wa tangu zamani: mwenye mifugo haweki wote zizi moja. Baadhi huwapeleka kwa rafiki au shemeji wa kijiji kingine, akae nao, anywe maziwa yao, na siku za mbele apewe ndama wa shukrani. Ugonjwa ukipita huku, kule wamebaki. Mzee yule hakutaka. Alisema ng'ombe wake hawawezi kulala kwa mtu kama wageni. Ukame ukaja, ukawakuta wote mahali pamoja, na Octavian akakua akichunga mbuzi wa majirani. Jambo hilo lilimuuma akiwa mtoto na linamuuma mpaka leo, ingawa ukimuuliza atakugeuzia mazungumzo kwenye mpira.

Anayelijua donda hilo vizuri kuliko wote ni Petro, kaka wa mkewe Emilia. Petro anaishi Bahi, ana mashamba ya mpunga na zizi lililojaa, na shemeji kwa shemeji wanaruhusiwa kutaniana. Hajawahi kuiacha ruhusa hiyo ipotee bure.

"Shemeji, ng'ombe hawajambo?" ndiyo salamu yake, kila siku ya Mungu.

"Hawajambo, wanakusalimu," hujibu Octavian.

Kazi yenyewe aliipata kwa Dakta Anitha, mama wa Bukoba mwenye sauti ndogo, aliyefundisha chuo kikuu pale Chimwaga kabla ya kuanzisha mradi wake mwenyewe. Octavian alikuwa ametoka kwenye kiwanda kidogo cha mtindi huko Kongwa, ambako alizoea kutunza bakteria wa kugandisha maziwa. Dakta alipomwambia kwamba wa hapa ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula chuma na kiberiti, Octavian aliitikia kwa adabu, akaenda kumwambia mkewe kwamba amepata bosi mzuri lakini labda jua limempiga.

Kumbe ni kweli. Bakteria wale walichotwa kwenye maji mekundu ya shimo la zamani la machimbo, kule milima ya Mpwapwa. Mawe ya huko yana shaba, lakini shaba imefungiwa ndani pamoja na chuma na kiberiti, ile salfa, na wachimbaji wadogo hawana tanuri la kuifungua. Bakteria ndio wanaofungua. Wanakila chuma kile na kiberiti kile kwa msaada wa hewa, kama vile kutu inavyokula bati, ila wao wana haraka zaidi, na jiwe linapolegea shaba inatoka na kuingia kwenye maji. Ukitaka kujua kama kundi lina afya, tazama rangi. Maji yenye chuma kisicholiwa ni ya kijani hafifu. Wakishakula yanakuwa mekundu, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Octavian alipoyaona maji yakigeuka kwa mara ya kwanza, alikaa kwenye stuli akayatazama hadi Emilia akapiga simu kuuliza kama leo halali nyumbani. Tangu siku hiyo akawa mchungaji. Chupa akazipa majina kwa rangi na tabia, kama ng'ombe wanavyopewa: kulikuwa na Mwekundu, Mvivu, Bibi Harusi, na mmoja aliyechelewa kila mara akaitwa Halmashauri.

Malezi yao aliyajifunza kwa makosa. Wanataka maji makali, yenye asidi kama ya betri ya gari iliyozimuliwa, na wakila kiberiti wanazidi kuyafanya makali wao wenyewe. Asidi ikipungua, chuma kinaganda kuwa tope la kutu na karamu inaishia hapo. Wanataka hewa, kwa hiyo kila chupa ilikuwa na kipira kilichotoka kwenye pampu ndogo, zile za matangi ya samaki wa mapambo. Wanataka jiwe lililosagwa vizuri kwenye karasha, maana jiwe zima wanalilamba juu juu tu. Lakini likiwa unga mno linawasonga. Wanataka chumvichumvi kidogo, aina ya mbolea, na Octavian aliipima kwa kijiko kidogo utadhani anatia dawa ya macho.

Na wanataka joto, lakini la kadiri, kama la kivulini mchana wa mwezi wa kumi. Hapo ndipo alipotia fora. Asubuhi moja ya baridi aliwatoa nje kuota jua, kama ndama. Dakta Anitha alifika akakuta chupa zimepangwa ukutani, na Octavian amesimama pembeni ana fimbo.

"Kaka Octavian, hiyo fimbo ni ya nini?"

"Kuna mbwa wa jirani, Dakta."

Dakta alimweleza taratibu kwamba jua kali linawaumiza, hawakuumbiwa mwanga. Juma lililofuata akawafunika blanketi la kitanda chake mwenyewe, likaziba hewa, wakazimia. Emilia alipolipata blanketi lake lina matundu ya asidi alilitundika mlangoni siku mbili. Lakini lazima tuseme ukweli: kufikia Pasaka, mikono ya Octavian ilikuwa imekwisha kuwajua, na Dakta alimsifu mbele ya wageni. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Pasaka ile ndiyo aliyopeleka ng'ombe Bahi. Alifunga safari na Emilia kwenda kusalimia ukweni, na kwenye kikapu, kati ya mchele na nguo za watoto, kulikuwa na galoni ya plastiki yenye maji mekundu na mawe yaliyosagwa chini yake. Alikuwa ameomba ruhusa kwa Dakta, naye akaitoa akicheka. Baada ya kula ugali wa uwele na mlenda, Octavian alijikohoza, akakaa sawa, akamwomba shemeji yake amwekee mifugo yake, kama watu wanavyowekeana.

Petro alitazama galoni. Akamtazama dada yake. Emilia alikuwa ameshika kichwa.

"Wako wangapi?" aliuliza Petro.

"Hawahesabiki."

"Na maziwa yao?"

"Ukiyanywa utakufa, shemeji."

Petro alicheka mpaka akatoa machozi, lakini alipomaliza alikuwa mtu wa kweli. Amana ni amana. Aliuliza masharti yake moja baada ya jingine, na Octavian akayataja: mfuniko uachwe legelege wapate hewa, wasiwekwe juani, wasiwekwe penye baridi, watoto wasiguse maana maji yale yanaunguza. Petro akaiweka ghalani, juu kabisa, nyuma ya magunia ya mpunga. Njiani kurudi Emilia alisema kwamba aibu ya leo itawatosha mpaka wajukuu.

Mwezi wa saba ukaingia, na upepo wa Dodoma mnaujua. Baridi ile ikaingia maabara ya nyuma ya duka la mabati bila kubisha hodi. Kikundi cha wachimbaji wa Mpwapwa kilikuwa kimetuma ujumbe kwamba kinakuja kuona kwa macho yake. Mwenyekiti wao, Mwajabu, mwanamke aliyechimba mwenyewe kabla ya kuongoza wengine, alisema wazi kwenye simu: wakiona jiwe linafunguka, watauacha mzigo wao kwa mradi. Wasipoona, kuna dalali anangoja mawe yakiwa mabichi, na wasisumbuane tena. Mradi usiokuwa na mawe hauna maisha. Dakta Anitha alilijua hilo, na Octavian alilijua maradufu, maana mradi ukifungwa kundi litamwagwa kwenye shimo la taka, naye atarudi kuwa mtoto wa yule mzee aliyemaliza ng'ombe.

Dakta aliitwa Dar es Salaam kikazi. Aliondoka ameacha maagizo: kundi lote lihamishiwe maji mapya ya kijani, ili wageni wafike na kukuta yamegeuka mekundu, na chumba kipashwe joto kwa ile hita ndogo. Octavian alifanya yote. Lakini hita ilikuwa ya kubembeleza, na kesho yake maji yalikuwa bado ya kijani. Kesho kutwa, ya kijani. Bakteria hawakuwa na tatizo lolote ila uzito wa baridi, wangeachwa, wangefika. Octavian hakuweza kuwaacha. Kila alipopita aliziona chupa zile zimekonda.

Ng'ombe akikonda na mnada umekaribia, kila mtu wa Kongwa anajua la kufanya. Unamnenepesha. Octavian alikwenda duka la vyakula vya mifugo, akanunua molasi, ile nyeusi nzito wanayochanganyia ng'ombe kwenye majani kabla ya kuwapeleka mnada wa Msalato. Akawaza pia mtindi wake wa zamani. Bakteria gani asiyependa sukari? Alitia kijiko kwa Mwekundu, kijiko kwa Mvivu, kijiko kwa Bibi Harusi, na kwa Halmashauri akatia viwili kwa kuwa alistahili kusukumwa. Halafu akafungua kabati, akaitoa ile chupa ya akiba ambayo Dakta alikataza isiguswe. Akaihurumia. Wenzake wote wamekula, huyu peke yake alale njaa? Akaitia nayo. Alirudi nyumbani siku hiyo anapiga mluzi.

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Siku ya pili, alipofungua mlango, alipokewa na harufu ya pombe. Juu ya kila chupa kulikuwa na utando mweupe, laini, ulionawiri kweli kweli. Kwa hiyo kuna waliokula na kushiba, ila hawakuwa wake. Maji chini ya utando yalikuwa ya kijani kibichi. Alibadilisha hewa, akapima asidi, akakuna vichwa vya chupa kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Wala. Mwishowe alikaa kwenye ile stuli.

Alimpigia Dakta simu. Lazima tumpe haki yake hapo: hakusingizia umeme wala hakusingizia mbwa wa jirani.

"Umewapa molasi," alisema Dakta Anitha, polepole.

"Walikuwa wamekonda, Dakta."

Kisha Dakta akamweleza, bila kupandisha sauti, na afadhali angefoka. Bakteria wale wanajijengea miili kwa hewa na mawe. Kwenye maji makali kiasi kile, sukari na uchafu wake kwao ni sumu. Wanalewa nayo, wanakufa, na fangasi wanarithi nyumba. "Nilikwambia habari za joto, za asidi, za hewa," alisema. "Sukari sikukwambia. Haikunijia akilini kwamba kuna mtu duniani angewapa sukari. Tuseme kosa letu wote. Tuna ile chupa ya kabatini."

Octavian alilitazama kabati.

"Kaka Octavian."

"Nilimwonea huruma, Dakta."

Kwenda Mpwapwa kuchota upya na kuwazoesha maabara kungechukua muda ambao wageni hawakuwa nao. Dakta alisema atarudi kesho, ampigie Mwajabu, aseme ukweli, na dalali achukue mawe. Octavian alizima simu akawa anatazama ukuta. Baba yake alikuwa na haki ya kulaumu mvua. Yeye hakuwa na wa kumlaumu.

Emilia ndiye aliyemzindua. Alikuwa amemletea chakula, amekuta mume wake amekaa kwenye harufu ya kilabu, na baada ya kusikiliza mkasa wote aliuliza swali dogo. "Na wale wa kaka Petro?"

Akiba haiozi, wanasema. Octavian alimwomba Dakta asimpigie Mwajabu kwanza, akafika Bahi kesho yake alasiri kwa bodaboda, mavumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima alikuwa na hofu mbili zinagombania nafasi. Ya kwanza, kwamba Petro ameshamwaga. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi: Petro ni mfugaji hodari, na mfugaji hodari hawezi kukaa na mfugo miezi bila kuurushia chochote.

"Mbukwa, shemeji," Petro alimsalimu kwa Kigogo. "Ng'ombe hawajambo?"

Octavian hakujibu kwamba wanamsalimu. Petro akamtazama mara ya pili, akaacha kucheka, akamvutia kigoda. Lakini ng'ombe wa amana hachukuliwi kama ndoo iliyoazimwa. Kwanza maji ya kunywa, kisha habari za watoto, kisha habari za mpunga na kiboko aliyeonekana huko bwawani, kisha ugali. Octavian alimeza matonge kama anameza mawe. Mwishowe Petro akapanda ghalani, akashuka na galoni ameikumbatia kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa mekundu. Yametuama, yameota tope la kutu chini, lakini mekundu, na mfuniko umekaa legelege vilevile alivyouacha.

"Uliwapa chochote?" aliuliza Octavian.

"Kuwapa nini?"

"Pumba. Sukari. Chochote, shemeji, niambie tu."

Petro alionekana kama aliyetukanwa. "Nilitamani. Wiki ya kwanza nilisema hawa watakufa njaa, nikachukua hata pumba kidogo mkononi. Halafu nikaacha. Ng'ombe wa amana humlishi usichoambiwa na mwenyewe. Wangekuwa wangu ningewanenepesha, ningewaua, basi, hasara yangu. Lakini hawakuwa wangu."

Octavian aliinamisha kichwa. Neno lile lilimwingia mahali penyewe. Miezi yote hiyo alitamba kwa kundi, akalipa majina, akalilinda na mbwa kwa fimbo, na hata siku moja hakukumbuka kwamba naye alikuwa anamwekea Dakta tu. Alimweleza shemeji yake yote, molasi, chupa ya kabatini, yote. Alitegemea kuchekwa mpaka wajukuu. Petro hakucheka, alisema tu kwamba kesho watakwenda pamoja, kwa sababu aliyekaa na ng'ombe ndiye anayewarudisha kwa mkono wake.

Dakta Anitha aliipokea galoni mlangoni, akachukua tone, akalitazama kwenye hadubini muda mrefu. Kisha akahema. Walikuwa wachache na wamedhoofika, lakini wanatembea. Chupa zote zilioshwa, zikachemshwa, zikatiwa maji mapya, na kila moja ikapewa sehemu yake kutoka Bahi. Safari hii Dakta aliazima hita ya maana, na Octavian alikaa mikono mfukoni. Hakugusa, hakufunika, hakuhurumia. Emilia anasema hajawahi kumwona mtu anafanya kazi ngumu hivyo akiwa ameketi.

Mwajabu na wenzake walipofika, Mwekundu na Bibi Harusi walikuwa wamegeuka rangi ya chai nzito. Mvivu alikuwa njiani. Halmashauri alikuwa bado wa kijani, na Dakta akasema aachwe hivyo hivyo, awe mfano wa kulinganishia. Mwajabu alizizunguka chupa. Akaomba kipande cha chuma, akakichovya kwenye maji yaliyotoka kwenye jiwe lao, akakitoa kimevaa ngozi nyekundu ya shaba. Alikikwaruza kwa ukucha, akakiweka kwenye kanga yake, akafunga fundo.

"Mzigo tutauleta," alisema. "Na hawa mnawalisha nini?"

"Mawe yenu tu, mama," alisema Octavian. "Hatuthubutu kuwapa kingine."

Wageni walipoondoka, Petro, aliyekuwa amekaa kwenye ile stuli muda wote kama mkaguzi, alikumbusha kwamba kuna jambo halijakamilika. Akamweleza Dakta Anitha habari za ndama wa shukrani. Dakta alisikiliza kwa makini, kwa kuwa kwao ni migomba na mambo hayo hakuyajua. Aliuliza kama ndama anapewa yeyote aliyetunza vizuri.

"Aliyetunza," alisema Petro. "Kama ni vizuri, hilo husema mwenye mali."

Dakta akajaza galoni ya Bahi upya akampa Petro, na Petro akaipokea kwa mikono miwili. Kisha Dakta akaenda kwenye rafu, akamchukua Bibi Harusi, akabandika karatasi shingoni, akaandika: Mali ya Octavian. Akamkabidhi. Octavian aliishika ile chupa kwa mikono miwili. Macho yake yalilowa, na safari hii hakukimbilia habari za mpira.

Petro alikuwa amesimama mlangoni, galoni yake kwapani, tayari kwa safari. Octavian alimfuata. Alisita, akaitazama karatasi ile mara moja zaidi, halafu akamnyooshea shemeji yake chupa.

"Na huyu mpeleke," alisema. "Niwekee. Masharti unayajua."

Petro aliipokea, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kama watu wanavyomtazama mtamba.

"Nayajua," alisema. "Wewe ndiye sijui kama unayajua. Kwaheri, mfugaji."

Na hakuwa anacheka.